Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Iwe uko Likoni kwenye foleni ya feri, uko Kongowea unapanga nyanya mafungu, au uko Changamwe umetoka zamu ya usiku na usingizi haujaja, karibu tuzungumze. Leo mada yangu ni wageni. Watalii nawaacha, hao wana wenyewe. Nawasema wale wanaoshuka uwanja wa ndege wa Moi, pale Port Reitz, wakiwa kumi au ishirini, fulana za rangi moja, aya ya Biblia mgongoni, wakapokewa na mchungaji pamoja na basi dogo la kukodi. Ni wamishenari wa muda mfupi. Hukaa wiki moja, wakizidi sana wiki mbili. Wengi wao ni wanawake, na wengi huja kati ya Juni na Agosti, shule za kwao zikiwa zimefungwa na sisi huku tukiwa katika baridi yetu ya kusi. Kwenye ratiba yao hapakosi siku moja iliyoandikwa: kukutana na akina mama wa kanisa.

Swali langu ni moja tu. Siku hiyo, huwa wanakutana kweli?

Tuseme ukweli, maana siku hiyo sote tunaijua. Mama Mchungaji ametangaza Jumapili mbili mfululizo. Kila mama amechanga shilingi 200 za pilau na soda. Sare za kitenge zimepigwa pasi. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani, na vile vya mbele vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Wageni walitarajiwa saa tatu. Wanafika saa tano, kwa sababu feri ni feri. Wanaimbiwa, wanachezewa, wanafungwa leso. Kisha mgeni mmoja anasimama kufundisha juu ya mke mwema wa Mithali 31, yule anayeamka kungali usiku kuwaandalia watu wa nyumbani mwake chakula. Wanaofundishwa ni wanawake ambao saa kumi alfajiri walikuwa Kongowea wakigombea magunia ya viazi. Wanasikiliza kwa adabu, wanaitikia amina. Picha zinapigwa, pilau linaliwa, maombi ya kufunga yanaombwa. Saa tisa basi limeondoka, na akina mama wamebaki kusugua sufuria.

Kila mtu amefurahi. Lakini mwulize mgeni yeyote mle ndani ya basi akutajie jina la mama mmoja aliyezungumza naye. Na wewe uliyebaki na sufuria, nitajie jambo moja unalolijua kuhusu maisha ya yule mgeni. Hakuna. Watu wametazamana, basi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja methali hii wakimteta mgeni aliyewachosha. Mimi naona ina heshima kuliko tunavyodhani. Ukimpa mtu jembe umekwisha kumtoa katika ugeni, umemwingiza katika kazi za nyumba, na mkiwa shambani ndipo mnapoambizana yasiyosemwa sebuleni. Wageni wetu wa misheni wana siku ya tatu, wana ya nne, wana hadi ya saba. Jembe hawapewi. Wanapewa kiti cha mbele tangu siku ya kufika hadi siku ya kuondoka, halafu tunashangaa kwamba hatukujuana. Kosa hilo si lao peke yao. Nusu yake ni yetu sisi wenyeji, na hiyo nusu yetu ndiyo tunayoweza kuirekebisha sisi wenyewe.

Kwanza tukumbushane nyumba hii wanayoingia wageni ni ya nani. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, wa shirika la Kianglikana la CMS, alihamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Haikupita miezi mitatu, Rosine akafa kwa homa, Julai mwaka huohuo, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto naye akamfuata. Kaburi lao liko bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wetu huu wa Nyali. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza wa misheni ya Kiprotestanti kuja kwetu alikaa muda mfupi kuliko alivyopanga, na hakurudi kwao.

Miaka 30 baadaye, 1874 kuingia 1875, CMS ilianzisha Freretown hapa Kisauni, makao ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wanawake wa Freretown walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Hawakuwa na ukoo hapa, wala hawakuwa na lugha moja. Miongoni mwa waliowapokea na kuwafundisha walikuwamo Waafrika wenzao waliolelewa Nashik, kule India, ambao nao waliwahi kuwa mateka. Waliokombolewa walipewa vishamba, wakalima, wakazoeana, na katika kuzoeana huko kanisa likakua. Mnara wa kengele yao umesimama hadi leo pale Kengeleni, matatu zinaupita kutwa. Mgeni anayekuja Kisauni kuwafundisha akina mama Ukristo anaingia katika kanisa lenye umri wa miaka 150. Aambiwe hivyo mapema, tena kwa upole. Atapata nafuu kujua kwamba hakuja kuanza kitu.

Na kanisa hilo lina wenyewe. Waanglikana wana Mothers' Union, Wapresibiteri wana Woman's Guild, Wakatoliki wana chama chao cha wanawake na jumuiya ndogo ndogo za mtaani, Waadventista wana Dorkasi, na vikundi vya maombi vya Kipentekoste huwezi kuvihesabu. Majina mbalimbali, kazi moja: kumtazama mgonjwa Coast General, kumsafirisha marehemu hadi kwao Siaya au Kitui, kumpikia mama aliyejifungua, kukopeshana mtaji wa kuuzia samaki. Ingia kikao chochote cha Alhamisi pale Mtongwe au Mikindani utakiona kisanduku cha bati chenye kufuli 3, na funguo zake ziko kwa akina mama 3 tofauti, asipatikane wa kukifungua peke yake. Daftari husomwa kwa sauti: nani amelipa, nani amebakisha, nani amefiwa asidaiwe wiki hii.

Vikundi hivi vimeshapimwa. Jumapili ya 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, wakaua watu 6. Mei mwaka huo Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa jambo la lazima, na kampuni za utalii zikawarudisha wateja wao kwa ndege. Mwaka 2020 ikaja Korona: ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tangu Machi hadi mwanzo wa Agosti, makanisa yakafungwa milango. Mara zote mbili wageni hawakuwapo. Akina mama walizika, walichanga, waliombeana kwa simu. Nayasema haya ili tusipokee wageni kama watu waliokuja kutuokoa. Tuwapokee kama ndugu waliokuja kutuona kazini.

Nikupe mfano nilioushuhudia Kisauni, mitaa ya Mtopanga. Ilikuwa Alhamisi ya akina mama, na wageni watatu walikuwa wamekwisha kukalishwa mbele. Mmoja, mama wa makamo, akaona uchovu wa kukaa, akainuka kwenda uani kulikokuwa kunapikwa. Mama aliyekuwa akikuna nazi akampisha kwenye mbuzi. Mgeni akakuna kwa nguvu nyingi na ufundi mdogo, akafika hadi kwenye kifuu, tui la siku hiyo likaingia weusi. Vicheko vikapasuka. Mwenye mbuzi akamshika kiganja, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha kifuu bila kukikandamiza. Msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa akichambua mchele, akawa mkalimani. Mgeni akaulizwa lile la kwanza tunaloulizana: una watoto wangapi?

Akasema alikuwa nao wawili, sasa ana mmoja. Yule mwingine aliumia mgongo kazini, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu, vidonge vikamfikisha kwenye unga wa kulevya, na unga ukamuua.

Mama aliyemshika kiganja hakukiachilia. Akasema, "Wangu mimi yuko maskani, kwa wavuta unga. Hajalala nyumbani tangu Pasaka."

Hapo ndipo walipokutana. Kwao mgeni, Marekani, mwaka 2021, watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Pwani yetu nayo unga umewatafuna vijana kwa miaka mingi, hadi zikafunguliwa kliniki za methadoni Malindi na hapa Kisauni. Mama wa Kisauni alimweleza mgeni jinsi alivyokuwa akimpeleka mtoto kliniki kila siku, mwaka mzima, bila kukata tamaa. Mgeni alimweleza mwenzake maneno ambayo angetamani kumwambia mwanawe akiwa hai. Hakuna ratiba iliyopangwa na ofisi yoyote ambayo ingeandika somo kama hilo. Lilitokea kwa sababu mtu alitoka kwenye kiti akapewa kazi, kazi ambayo hakuiweza, na asiyejua akawa yeye.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nauli si kidogo. Mwanazuoni Robert Wuthnow alikadiria, miaka ya 2000, kwamba waumini wa makanisa ya Marekani kama 1,600,000 husafiri nje kila mwaka kwa misheni za muda mfupi. Mwanazuoni mwingine, Kurt Ver Beek, alifanya utafiti Honduras baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998, akalinganisha nyumba zilizojengwa na timu za wageni na zile zilizojengwa na mashirika ya Kikristo ya hukohuko. Nyumba ya wageni, ukijumlisha nauli zao, ilifika dola 30,000 hivi. Ya wenyeji ilikuwa dola 2,000 hivi. Na maisha ya familia zilizohamia humo hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya nyumba hizi na zile.

Kwa hiyo kama mgeni amekuja Changamwe kupaka rangi ukuta wa kanisa, hesabu haiingii. Fundi wa Magongo angeupaka kwa siku mbili, na watoto wake wakala. Nauli ile inapata maana kwa kitu kimoja tu ambacho huwezi kukituma kwa benki: mtu kumjua mtu. Hicho tukikikosa, tumekosa yote.

Wako waliokwisha kuliona hili mapema. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa PCEA, kanisa la Kipresibiteri la hapa kwetu Kenya, alisimama mbele ya Wamarekani waliomwalika akawaambia wakati umefika wamishenari waondolewe kwa muda. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka ukaichukua hoja hiyo: wamishenari na fedha za nje vipumzishwe. Wengi walikasirika, wakamwona mtovu wa shukrani. Lakini Gatu hakuwachukia Wazungu. Alichokiona ni kwamba kanisa linalopokea kila siku husahau kwamba lina cha kutoa. Mimi sisemi tufunge milango. Wakati umepita, na dunia imeingiliana. Ila ugonjwa aliouona Gatu bado tunao, hasa siku ile ya pilau na soda.

Tufanyeje basi? Nina machache kwa wenyekiti wa akina mama na kwa wachungaji.

La kwanza, msiwatengenezee wageni siku yao. Waingizeni katika siku yenu. Kama Alhamisi ni kikao, waje kikaoni, wasikilize daftari likisomwa. Kama Ijumaa ni kumtembelea mgonjwa, watembee kwa miguu pamoja nanyi, wabebe kikapu. Mama karanga anayekaanga samaki jioni kando ya barabara ya Likoni anaweza kukaa na mgeni mmoja, mmoja tu, saa nzima, akimpa kazi ya kufunga samaki kwenye gazeti. Timu ya watu ishirini igawanywe wawiliwawili. Ishirini wakiingia uani kwa pamoja, hayo tena si matembezi.

La pili, mkalimani wa akina mama awe mwanamke. Mchungaji asiwe mkalimani, nasema hivi kwa heshima zote. Hakuna mama atakayesema habari za mumewe, au za binti yake aliyekwenda Saudia kufanya kazi za ndani na simu yake haipatikani, ikiwa maneno hayo yanapita kwanza kinywani mwa mchungaji. Mabinti waliosoma tunao tele. Wapewe kazi hiyo, na walipwe.

La tatu, fedha. Mgeni akiguswa atataka kutoa, na kutoa si dhambi. Ila bahasha zinazopita chini ya leso zimevunja vikundi vingi kuliko umaskini. Kila zawadi ipite kwa mweka hazina, itangazwe, iandikwe daftarini. Na baada ya wageni kuondoka, ile tabia ya kupata namba ya simu ya mgeni na kumwandikia kisa cha karo kabla hajafika kwao, tuiache. Mtu uliyemjua Jumanne ukimwomba pesa Jumapili, Jumatatu hapokei simu, na mwenzako mwenye shida ya kweli amefungiwa njia.

La nne, watoto. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Picha ya mwanao kusambazwa Marekani bila ruhusa yako si baraka. Wala mgeni asiachiwe watoto peke yake, awe na moyo mzuri namna gani. Mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15 mmishenari wao aliyefungua makao ya watoto Bomet, kwa kuwadhulumu wasichana aliowalea. Mgeni mwema hatachukia mkimwekea mpaka. Atawaheshimu.

La tano ni majirani zetu Waislamu. Mgeni hajui, kwa hiyo aambiwe. Mama Mkristo wa Likoni mara nyingi anakaa chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, uani mmoja, bomba moja. Chumba cha pili ni Mama Mwanaisha. Mwezi wa Ramadhani Mama Mwanaisha humletea sahani ya mbaazi na mahamri. Krismasi sahani hairudi tupu. Timu ikija na vipaza sauti ikafokea mtaa mzima, yenyewe itaondoka Jumamosi, na huyu mama ndiye atakayebaki kwenye bomba lile Jumatatu. Baada ya yale ya mwaka 2014, amani ya uani mmoja ni kazi kubwa, na wanaoifanya ni wanawake. Mgeni akitaka kuona huduma ya akina mama Wakristo wa Mombasa bara, hii nayo aonyeshwe.

Neno moja kwa wageni wenyewe, mtawafikishia nyinyi mnaoandikiana nao. Wakija, wasianze na kuuliza mnahitaji nini. Swali hilo linamgeuza kila mtu kuwa mwombaji kabla hajakaa. Waulize mnafanya nini, na tunaweza kushika wapi. Na waje na shida zao. Wageni wengi hutuonyesha wema wao tu, na ushuhuda wao uliokwisha kunyooka. Mama wa Kikristo huku anajua kumwombea mtu. Mpe cha kukuombea.

Tena barabara hii isiwe ya upande mmoja. Tangu Januari 2024 mgeni akitaka kuja Kenya hujaza kibali mtandaoni kwa dola 30 hivi, akapanda ndege. Mama wa Mikindani akialikwa Marekani, ada ya ombi la viza, iliyopandishwa mwaka 2023, ni dola 185, na hairudishwi hata akinyimwa. Kanisa linaloleta watu ishirini kila mwaka linaweza mwaka mmoja kuleta kumi na tano, na nauli za wale watano zikawapeleka akina mama wetu wawili wakafundishe kule jinsi watu wanavyozikana na kukopeshana bila benki. Tuliombe hilo waziwazi. Ombi la namna hiyo halitudhalilishi.

Msikilizaji, muda wangu unakwisha. Mama mwenyekiti unayenisikiza, msimu wa wageni unakuja, na ratiba italetwa kwako ikiwa imekwisha kuchapwa. Usiipokee kwa amina. Omba kalamu, ukae na kamati yako, mfute siku ya pilau na soda, mwandike kikao chenu, wagonjwa wenu na kazi zenu, kisha mpeni kila mgeni zamu yake kama mnavyopeana wenyewe. Atakayekataa kufanya kazi nanyi, muagane naye kwa amani. Atakayekubali, huyo mwandikeni daftarini.